Mnara wa Mboga kwa Asiye na Kihamba

Kwetu Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mboga za majani hazikuwa kitu cha kununua. Migomba ilisimama juu, kahawa chini yake, magimbi kando ya mfereji, na nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, mnafu ulijiotea wenyewe. Mama akitaka kupika kitalolo alitoka na kisu, akachuma, akarudi kabla ndizi hazijachemka.

Kihamba kile, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, kiligawanywa kwa wana wa babu, kisha kwa wana wao. Leo kuna vipande ambavyo ukishajenga nyumba na choo, kinachobaki ni njia ya kupita. Ndivyo ilivyo katika vijiji vingi vya mlimani, kuanzia Machame hadi Mwika. Vijana wameshuka mjini Moshi. Wamepanga chumba na sebule Pasua, Majengo, Njoro au Soweto, kwenye nyumba ambayo ua wote ni saruji na kila mpangaji ana haki ya kuanika nguo tu. Mboga wananunua soko la Mbuyuni au kwa mama anayepita na beseni kichwani, na kiangazi kikikaza fungu linapungua majani huku bei ikibaki pale pale au kupanda.

Nilifundisha kemia sekondari hadi nikastaafu. Sasa nasaidia majirani hapa Pasua kujenga minara ya mboga. Bomba linasimamishwa wima, linafunguliwa mifuko pembeni, maji yenye virutubisho yanapandishwa kwa pampu hadi juu, kisha yanashuka yenyewe yakilowesha mizizi na kurudi kwenye pipa. Udongo haumo kabisa. Naipenda kazi hii na natamani ienee, ndiyo maana nitaeleza pia yale ambayo wauzaji wa vifaa huyapita haraka.

Mizizi hainywi samadi

Swali la kwanza ninaloulizwa ni hili: "Mwalimu, hizi si mboga za kemikali?"

Huwa najibu kwa kurudi kihambani. Samadi ukiitia shambani, mmea hauwezi kuila kama ilivyo. Bakteria wa udongoni huivunjavunja kidogo kidogo, naitrojeni yake ikageuka kuwa naitreti iliyoyeyuka majini, na hiyo naitreti ndiyo mizizi inayoinywa. Potasiamu, kalsiamu, fosfeti na chuma navyo huingia vikiwa vimeyeyuka. Udongo ni ghala la maji na chakula, na ni mahali pa mmea kujishikiza. Ukiupa mmea pa kujishikiza, ukaupa maji, hewa na chumvi zile zile kwa kipimo sahihi, utakua.

Hili lilithibitishwa Ujerumani miaka ya 1860, pale Julius von Sachs na Wilhelm Knop walipokuza mimea kwenye vyombo vya maji yenye chumvi zilizopimwa. Miaka ya 1930 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California aliutoa ujuzi huo maabara, akakuza nyanya kwenye matangi, na mwaka 1937 jina la haidroponiki likaanza kutumika katika maandishi ya kisayansi. Mwaka 1938 wenzake wa chuo hicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, walichapisha kanuni ya kuchanganya virutubisho ambayo bado inafundishwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilitumia njia hii kuwalisha askari mboga mbichi kwenye kisiwa cha Ascension, mwamba ulio katikati ya Atlantiki. Baadaye, nchini Uingereza, Allen Cooper alibuni mtindo wa kupitisha utando mwembamba wa maji juu ya mizizi badala ya kuizamisha, ili mizizi ipate maji na hewa kwa pamoja. Mnara wetu unafanya kazi hiyo hiyo, ila bomba limesimama.

Mtu wa mlimani hana sababu ya kuliogopa jambo hili. Wazee wetu walichimba mifongo, mifereji inayochota maji kwenye mabonde ya msituni na kuyapitisha kwenye kingo za miteremko, pengine juu ya magogo yaliyochongwa, hadi yakamfikia kila mwenye zamu. Ukarabati ulikuwa wa pamoja na zamu ziliheshimiwa. Mnara ni mfongo wa mtu mmoja. Maji yakipita kwa wakati wake na njia ikiwa safi, mboga inastawi. Ukiupuuza, mboga inakufa, tena haraka kuliko shambani.

Anza na ndoo, pampu baadaye

Kila anayenijia kutaka mnara namwambia kwanza aoteshe saladi kwenye ndoo isiyo na pampu. Njia hii imeenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, na inahitaji ndoo yenye mfuniko tu.

Chukua ndoo ya lita 20 yenye rangi nzito, ambayo haijawahi kubeba dawa wala kemikali za kiwandani. Toboa mfuniko matundu manne au matano ya kuingiza vikombe vya mtindi vilivyotobolewa kwa msumari wa moto. Jaza maji ya virutubisho hadi yaguse kitako cha kikombe. Weka mche kwenye kila kikombe na uiache ndoo mahali penye jua. Mmea unavyokunywa, maji yanashuka, na sehemu ya mizizi inabaki hewani ndani ya ndoo ikivuta oksijeni, huku ncha zikiendelea kunywa chini. Usijaze tena hadi juu, maana utaizamisha mizizi iliyokwisha kuzoea hewa.

Ndoo hii itakufundisha kuchanganya chakula, kupima maji na kusoma majani. Ikikupa saladi nzuri, una haki ya kununua pampu. Ikikushinda, umepoteza ndoo moja ya maji na fedha yako ya pampu iko mfukoni.

Kujenga mnara

Nunua bomba la PVC la inchi 4, lile la milimita 110, lenye urefu wa meta 1.8. Pipa liwe la lita 60 lenye mfuniko unaobana. Pipa dogo ni tabu, kwani maji yakiwa machache nguvu ya virutubisho hubadilika ovyo kila siku.

Mzunguko wa bomba ni kama sentimita 34 na nusu. Zungushia karatasi, gawa kwa tatu, upate alama tatu zilizoachana sentimita 11 na nusu. Hiyo ni ngazi ya kwanza. Panda sentimita 20, chora ngazi ya pili, lakini isogeze kando ili kila tundu liwe katikati ya matundu mawili ya chini yake. Kwa mpangilio huo ngazi saba zinakupa mboga 21 kwenye nafasi isiyofika nusu meta ya mraba.

Kwenye kila alama kata kwa msumeno wa chuma mkato wa kulala wenye upana wa sentimita 6. Sasa inakuja kazi inayotaka utulivu. Pasha moto sehemu iliyo juu na chini ya mkato, kwa mashine ya hewa ya moto au juu ya jiko la gesi kwa mbali, huku ukizungusha bomba polepole. PVC huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi. Ukiona plastiki imelegea kama ngozi iliyoloweshwa, ingiza shingo ya chupa ya soda kwenye mkato kutoka juu na uisukume chini. Mdomo wa chini unatoka nje, wa juu unaingia ndani, mfuko umepatikana. Shikilia chupa hapo, mwagia maji baridi, kisha itoe. Fanya kazi hii nje, ukiupa upepo mgongo, na usiache bomba liungue, maana PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma koo na macho.

Toboa mfuniko wa pipa, simamisha bomba juu yake na ulifunge kwenye ukuta au nguzo, kwa sababu likishajaa mboga ni zito upande wa juu. Pampu ndogo ya kuzamishwa, ya aina inayotumika kwenye matangi ya samaki, inakaa ndani ya pipa. Mpira wa nusu inchi unapita katikati ya bomba hadi kileleni, na hapo maji yanamwagika kwenye kifuniko kilichotobolewa vitundu vidogo pande zote ili yashuke yakitambaa kwenye kuta. Kabla ya kununua pampu, soma kwenye boksi inapandisha maji kimo gani. Iliyoandikwa meta 1.8 haitakufaa, kwa kuwa kwenye kimo cha mwisho maji hayatoki tena. Chagua ya meta 2.5 au zaidi.

Miche nasia kwenye vipande vya sponji ya godoro vilivyochanwa katikati. Ikifikisha majani manne inaingia mfukoni pamoja na sponji yake. Kuizungushia natumia pumba za mpunga zilizounguzwa zikawa nyeusi bila kugeuka majivu, na kuoshwa vizuri. Pumba hizo hapa hazina shida, kwa kuwa mashine za kukoboa za ukanda wa Mabogini, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Moshi ya chini iliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, zinazitoa malundo kwa malundo. Pumba zilizounguzwa ni nyepesi, zinapitisha hewa, na zinabaki na unyevu kidogo umeme ukikatika.

Chakula chake

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa huanzia kwenye duka la pembejeo. Urea haifai kwenye mnara, kwa sababu inategemea bakteria wa udongo kuigeuza. CAN, tunayoipenda kwa mahindi, nayo haifai. Nusu ya naitrojeni yake ni ya amoniamu, na ndani yake kuna chokaa isiyoyeyuka itakayoziba pampu. Juisi ya samadi inaoza ndani ya pipa, inanuka na kula oksijeni ya mizizi.

Unachohitaji ni vitu vitatu: mbolea ya unga ya haidroponiki yenye NPK ya karibu 8-16-36 pamoja na madini madogo, chumvi ya Epsom ambayo ni salfeti ya magnesiamu, na kalsiamu naitreti. Mkolezo kamili kwa lita 20 ni gramu 12 za mbolea hiyo, gramu 6 za Epsom na gramu 12 za kalsiamu naitreti. Kwa mboga za majani natumia theluthi mbili, yaani gramu 8, 4 na 8, na kwa miche michanga nusu. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni, kijiko kinadanganya. Mwenye kipimo cha EC, kinachoonyesha wingi wa chumvi majini, atafute 1.2 hadi 1.8.

Utaratibu wa kuchanganya ni sheria. Yeyusha mbolea ya kwanza ndani ya maji mengi hadi iishe. Yeyusha Epsom. Kalsiamu naitreti iwe ya mwisho, ikiwa imeyeyushwa peke yake kwenye jagi. Wanaonitembelea huwa nawaonyesha sababu kwa glasi moja. Namimina humo Epsom nzito, kisha kalsiamu naitreti nzito juu yake. Papo hapo glasi inageuka nyeupe, na baada ya dakika chache unga umetuama chini. Ule unga ni jasi, ile ile inayotumika kwenye dari. Kalsiamu imeshikana na salfeti, na mzizi hauwezi kuinywa tena. Umenunua mbolea ukatengeneza dari.

Maji na jua la Moshi

Maji mengi ya Kilimanjaro huanzia kwenye msitu wa mlima, si kwenye theluji ya kilele kama wengi wanavyodhani. Ya chemchemi za juu ni mepesi na mazuri kwa kazi hii. Ukishuka tambarare hali inabadilika, na chini ya Kilimanjaro na Meru vipo visima vyenye magadi na floraidi kwa wingi. Maji ya magadi hupandisha pH, na mboga za majani zinataka pH kati ya 5.5 na 6.5. Ikipanda mno, chuma kinakuwepo majini lakini mmea hauwezi kukichukua.

Majani yatakuambia. Jani changa la juu likiwa la njano huku mishipa yake imebaki kijani, ni chuma, na mara nyingi chanzo ni pH. Jani la zamani la chini likiwa njano lote, ni naitrojeni, ongeza chakula. Juisi ya limau hushusha pH kwa siku moja au mbili kisha inapanda tena, kwa hiyo mwenye minara mingi atumie asidi ya fosforiki kwa matone, akiwa na glavu na miwani. Njia rahisi kuliko zote ni kukinga maji ya paa wakati wa masika na kuyachanganya na ya bomba.

Januari na Februari mji huu ni joto hasa, na maji yakipata joto yanapoteza hewa. Kwenye nyuzi 20 lita moja hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni, kwenye nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Hapo kuvu wa mizizi hupata nafasi. Vuta mche mmoja utazame: mizizi mizima ni myeupe na haina harufu, iliyooza ni ya kahawia, inateleza na inanuka. Weka pipa kivulini, lipake rangi nyeupe kwa nje juu ya rangi nyeusi ili mwanga usiingie na kuotesha ukijani wa majini. Mfuniko ubane kabisa, tusije tukafuga mbu katika mji wenye malaria.

Jua nalo lina njia zake. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, hivyo Juni jua linaegemea kaskazini na Desemba linaegemea kusini. Mnara ulioegeshwa ukutani utakuwa na upande unaokonda. Kama unaweza kuzunguka, uzungushe robo mzunguko kila asubuhi.

Umeme ukikatika

Pampu ya wati 15 ikifanya kazi saa 12 kwa siku inakula uniti 5 na kidogo za LUKU kwa mwezi. Ukiweka taima iwashe dakika 15 na kuzima dakika 15, unatumia nusu ya hapo. Tatizo ni kukatika kwa umeme saa saba mchana. Mizizi iliyo hewani inaanza kunyauka ndani ya saa chache. Mwenye uwezo aweke paneli ndogo na betri ya volti 12. Asiye na uwezo achote jagi moja kutoka kwenye pipa na kulimimina juu ya mnara kila baada ya saa moja. Kwa sababu hiyo mnara unataka mtu nyumbani. Nyumba inayofungwa asubuhi hadi jioni bila mtu, ibaki na ndoo zisizo na pampu.

Utakachovuna

Saladi na chainizi huvunwa wiki nne hadi sita baada ya kuhamishiwa mnarani. Mchicha huwahi zaidi. Figiri, spinachi na mnafu unachuma majani ukiacha shina lichipue. Sukuma wiki ikae mifuko ya chini, maana shina lake hunenepa na kulemea. Usipande mahindi, viazi wala ndizi, na usimwamini anayekuambia kuwa mnara mmoja utakutajirisha. Mboga 21 ukizipanda kwa zamu, tatu tatu kila baada ya siku chache, zinapunguza safari za sokoni na kukupa jani bichi lililochumwa dakika hiyo. Faida yake ni hiyo, na kwangu inatosha.

Maji ndiyo yanayookolewa zaidi. Utafiti wa Arizona, Marekani, uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa kilo moja ya saladi ya haidroponiki inatumia lita 20 za maji, na ya shambani lita 250. Lakini watafiti hao hao waligundua kuwa ya haidroponiki inakula nishati mara 82 zaidi, kwa sababu ya kupasha na kupoza majengo na kuwasha taa. Sisi hatuhitaji taa wala majengo hayo. Jua na hewa ya Moshi vinatosha mwaka mzima.

Na kama una samadi lakini huna fedha ya mbolea za unga, acha bomba, chukua gunia. Kibera, Nairobi, kuanzia mwaka 2008 shirika la Solidarités International lilisaidia maelfu ya familia kupanda sukuma na spinachi kwenye magunia ya udongo na samadi yenye nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, mboga zikitokea pembeni na juu. Gunia linasamehe mengi ambayo mnara hausamehe.

Ushauri wangu ni huu. Mwenye kihamba asinunue bomba, asafishe mfongo wake na kupanda mnafu chini ya migomba. Mpangaji mwenye ua wa saruji aanze na ndoo moja mwezi huu, ajifunze kupima maji, ndipo ajenge mnara. Maji ya virutubisho yaliyochoka, baada ya wiki mbili au tatu, ayamwagie maua au mgomba wa jirani, asiyatupe mtoni. Nanyi wenye nyumba wa Moshi, nawaomba jambo dogo: mpangaji akiwaomba nusu meta ya ua penye jua, mpeni.